Kutoka Uwanjani Hadi Darasani

Mtoto wa Pangani aliyezaliwa wakati wangu, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza, alisomeshwa na walimu wa namna mbili ambao hawakuwa na mazoea ya kushauriana. Asubuhi alikwenda shule ya serikali, akakaa kimya juu ya benchi na kunakili yaliyoandikwa ubaoni. Alasiri akaenda chuoni, akaketi mkekani pamoja na wenziwe, akaimba hijai kwa sauti moja mpaka herufi zikaganda moyoni, na ulipoandama mwezi wa Mfungo Sita akafundishwa kuitikia Maulidi kwa dufu, huku akijua pasipo kuambiwa ni wapi pa kupaza sauti na wapi pa kuishusha. Elimu ya alasiri iliingia kwa masikio, kwa mikono na kwa mabega. Ya asubuhi iliingia kwa macho peke yake, na aghalabu ilitoka haraka kama ilivyoingia. Kweli tulikuwa na kipindi cha kuimba, lakini nyimbo zilikuwa za Kiingereza, maana yake hatukuijua, wala hazikuwa na uhusiano wowote na hesabu au jiografia tuliyofundishwa saa iliyofuata. Mtoto aliyejisahau akagonga dawati kwa vidole alichapwa, na ngoma za nyumbani kwetu zilihesabiwa kuwa ni upuuzi unaopoteza wakati wa masomo.

Kwa hiyo hotuba aliyoitoa Mwalimu Nyerere alipoushika urais, mwezi wa Desemba 1962, ilitufikia kwa mshindo mkubwa. Alisikitika kwamba waliosomeshwa na wakoloni walifundishwa nyimbo za Wazungu, wakajua kucheza rumba na chacha, ilhali wengi wao hawajapata hata kusikia habari za gombe sugu, mangala, kiduo au lelemama. Na hapo hapo akatangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mchezaji wa lelemama tangu usichana wake. Aliposimuliwa na jirani mwenye redio kwamba Rais ameitaja ngoma yake kwa jina, alivaa kanga mpya siku ile, akapita nyumba kwa nyumba kuwapasha habari wenziwe wa chama. Mimi nilikuwa mtoto, lakini nilifahamu kwamba jambo lililodharauliwa shuleni kwetu limepewa heshima na mkubwa wa nchi, nikaanza kungoja nione litaingiaje darasani.

Halikuingia upesi. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, na baada ya Mwalimu kutoa mwezi uliofuata maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, shule zilijaa sanaa kuliko wakati mwingine wowote ninaoukumbuka, nami nilipoanza kazi ya ualimu katika miaka ya mwanzo ya sabini niliikuta imeshamiri. Alfajiri palikuwa na mchakamchaka, watoto wakikimbia vumbini kwa nyimbo za kuitikiana. Sikukuu za taifa zilikuwa na halaiki na gwaride. Na juu ya yote palikuwa na ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala wa Dodoma alizieneza kwa ajili ya chama cha washairi cha UKUTA, na vitabu vyake vikachapwa kuanzia 1970, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufariki mwaka mmoja kabla. Asiyepata kuziona adhani ni shairi tu. Ngonjera ni shairi la watu wanaojibizana jukwaani, mmoja ana shaka na mwingine ana hoja, ubeti kwa ubeti, vina vimetimia na mizani kumi na sita katika kila mshororo, hadi mwisho mwenye shaka akakiri na wote wakapatana. Nilifundisha ngonjera nyingi, na sitaki kuzikosea adabu, kwani mtoto aliyezungumza Kizigua au Kimakonde kwao alisimama mbele ya umati akanena Kiswahili fasaha bila kutetemeka, na ufasaha huo hakuupata katika kitabu cha sarufi.

Walakini ngonjera, kama halaiki, ilikuwa sanaa ya uwanjani. Tulifanya mazoezi wiki nzima kwa kuwa anakuja mkuu wa wilaya, vipindi vya masomo vikasimamishwa ili watoto waimbe, mgeni akapiga makofi, akapanda gari akaenda zake, na ngoma zikarudishwa stoo pamoja na majembe. Kesho yake mtoto yule yule aliyekuwa simba jukwaani alikaa darasani ameinamisha kichwa mbele ya sehemu na desimali. Tulikuwa tumeipokea sanaa shuleni ili ipokee wageni, na bado hatujaiuliza kama inaweza kufundisha.

Mimi niliuliza kwa kubanwa na dhiki. Azimio la Musoma la 1974 liliagiza kwamba watoto wote wa nchi waingie shule ya msingi, na ilipofika 1977 shule yetu, iliyokuwa jirani na shamba la mkonge, ilikuwa na watoto wasioenea vyumbani, vitabu vichache vya kushirikiana na chaki za kuhesabu. Wazazi wengi walikuwa wamekuja mkongeni kama manamba, au ni watoto wa manamba, kutoka Kigoma, Songea, Mtwara na kwingineko, hata darasa moja likawa na watoto wa makabila ambayo vijijini kwao hayakupata kuonana. Lizombe ya Wangoni na sindimba ya Wamakonde zilisikika Jumamosi moja katika kambi moja. Watoto wale walikuwa na hazina kubwa miguuni na mikononi mwao, nami nilikuwa na ubao uliopasuka.

Alikuwamo mvulana mmoja, mtoto wa mkata mkonge aliyetoka Mtwara, ambaye katika hesabu hakupata kunyanyua mkono. Nilikuwa nikifundisha kujumlisha nusu na theluthi, na darasa zima lilikwama palepale madarasa yanapokwama daima, kwani watoto walijumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili wakapata mbili ya tano, jibu ambalo ni dogo kuliko nusu waliyoanza nayo. Nilijua kwamba baba yake hupiga ngoma, nikamwambia aende stoo alete chapuo, kisha nikamtaka mkono wa kushoto upige mara mbili katika muda ule ule ambao mkono wa kulia unapiga mara tatu. Hakuona ugumu. Alipiga kama anavyopumua, nasi tukahesabu kwa midomo: ndani ya mwendo wa mapigo sita, kushoto kulipiga la kwanza na la nne, kulia kukapiga la kwanza, la tatu na la tano, na mikono haikukutana tena mpaka mwendo ulipoanza upya. Nikalitenga darasa pande mbili, upande huu ukapiga makofi ya nusu na ule ya theluthi, na watu wa kati wakahesabu sita kwa sauti. Ndipo msichana mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, nusu inakula tatu, na theluthi inakula mbili." Nikamwuliza, jumla? "Tano," akasema, "tano katika zile sita." Sita ile ndiyo kigawe kidogo cha shirika, ambacho kitabu kilikitaja kwa maneno mengi na ambacho watoto wa kambi walikuwa wakikicheza tangu walipoanza kutembea.

Tangu siku hiyo chapuo haikurudi stoo. Iliwekwa juu ya kabati la darasa, na mvulana yule akawa msaidizi wangu wa hesabu. Halafu nikamwalika msukaji wa mikeka kutoka kijiji cha jirani, bibi mtu mzima asiyejua kusoma, aje na miyaa yake iliyotiwa rangi. Watoto walimwamkia kwa shikamoo ya pamoja iliyotikisa mabati, akaitikia marahaba, akaketi sakafuni akaanza ukili. Mmoja akamwuliza, "Bibi, unajuaje ua litatokea wapi?" Akamjibu bila kuinua macho, "Mjukuu wangu, nahesabu. Nikikosea muyaa mmoja tu, ua limekimbia." Tulipata kwake somo la vizidishi na la pembe, na insha za Kiswahili ambazo kwa mara ya kwanza hazikufanana zote, maana kila mtoto aliandika alichokiona kwa macho yake.

Mkaguzi mmoja aliyetutembelea katika siku hizo alisimama mlangoni, akauliza hiki ni kipindi gani. "Hesabu, ndugu mkaguzi," nikamjibu. Alitaka kuona andalio la somo, akalisoma, akasema ngoma mahali pake ni nje na kipindi chake ni cha utamaduni. Sikubishana naye mbele ya watoto. Lakini neno lake lilikuwa ndilo neno la nchi nzima kwa wakati ule, kwani sanaa haikuwamo katika mtihani wa darasa la saba, na kisichotahiniwa hakina mtetezi siku ratiba inapobana. Miaka ya themanini ilipozidisha uhaba, hata nyimbo za asubuhi zilififia katika shule nyingi. Chuo cha Sanaa kilifunguliwa Bagamoyo mwaka 1981 na kikaendeleza wasanii hodari, na Chuo cha Ualimu cha Butimba, Mwanza, kiliendelea kuwaandaa walimu wa muziki na wa sanaa za ufundi. Lakini kati ya vyuo hivyo na darasa langu palikuwa na masafa marefu.

Jambo lililonitia nguvu upya lilitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Penina Mlama na wenzake wa sanaa za maonyesho walianzisha mwaka 1996 mpango walioupa jina la Tuseme, kwa ajili ya wasichana wa shule za sekondari. Mpwa wangu alikuwa katika shule mojawapo, nami nilihudhuria onyesho lao. Wasichana kwanza walikaa peke yao wakayataja yanayowakwamisha katika masomo, mmoja baada ya mwingine. Kisha wakayatungia mchezo, ngoma na nyimbo. Kisha wakayaonyesha mbele ya walimu, wazazi na wavulana. Na baada ya onyesho watu hawakutawanyika, bali walibaki kujadiliana. Katika mchezo niliouona palikuwa na baba anayempa mwanawe kazi za jikoni hadi usiku wa manane, palikuwa na mwanamume wa njiani mwenye zawadi, na palikuwa na mwalimu anayeuliza swali lake kila siku kwa upande wa wavulana. Mwalimu mmoja aliyeketi karibu nami alijigeuza kitini mara nyingi. Msichana akisimama kumwambia mwalimu wake maneno yale kwa mdomo mtupu angalihesabiwa mtovu wa adabu; ndani ya mchezo aliyasema yote, na adabu yake haikupungua hata chembe. Baadaye FAWE, shirika linalotetea elimu ya wasichana, liliuchukua mpango huo likaupeleka katika nchi nyingine za Afrika, nami naona ni miongoni mwa zawadi bora ambazo nchi yetu imezitoa katika elimu.

Mtaala wa msingi nao uligeuzwa zaidi ya mara moja. Lilikuja somo la Stadi za Kazi, ambamo uchoraji, muziki, ufinyanzi na upishi viliwekwa katika kapu moja, na katika shule nilizozijua kipindi chake kilikuwa cha kwanza kuazimwa mtihani ulipokaribia. Nilistaafu katika hali hiyo. Kisha, kwa mujibu wa sera ya elimu toleo la 2023, ulianza Januari 2024 mtaala mpya ambao umeweka Sanaa na Michezo kuwa somo lenye jina lake katika shule ya msingi, na furaha yangu kwa jambo hili ni kubwa, kwa sababu nimeishi kutoka zama za mtoto kuchapwa kwa kugonga dawati hadi zama za mwalimu kuajiriwa amfundishe kuligonga vizuri.

Hofu yangu ni moja, na nimewaeleza waziwazi walimu vijana wa shule iliyo karibu nami, ambao hunialika nikazungumze nao: sanaa ikishapata chumba chake yenyewe, masomo mengine yaweza kujiona yameondolewa dhima, hesabu ikarudia ukimya wake na historia ikarudia imla, na ngoma ikawa imehama uwanja mmoja ikaingia uwanja mwingine ulioezekwa. Nawaomba walitunze somo lile jipya, na zaidi ya hapo wasiache kuibeba sanaa kuingia nayo kila kipindi ambamo ina kazi. Mwalimu wa hesabu amekwisha kujifunza kwangu mbili kwa tatu, ingawa mkono wake wa kushoto ungali mzito. Mwalimu wa sayansi naye ameomba zamu yake: anataka watoto waigize mzunguko wa damu kabla ya likizo ya Juni, wengine wakiwa moyo, wengine mapafu, na waliosalia wakipita katikati yao na vitambaa vyekundu. Nimemshauri ayasogeze madawati ukutani kwanza na aanze na kundi dogo, kwa kuwa watoto wake ni wengi na moyo wenye wachezaji arobaini hauwezi kupiga kwa pamoja siku ya kwanza.