Taveta: Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma

Kama wewe ni mkaaji wa Nairobi au Mombasa, likizo ya shule imekaribia na watoto wamekwisha choka kutazama ndovu wa Tsavo kupitia dirisha la gari, basi Jumapili hii nakuomba uelekeze macho yako magharibi ya Voi. Huko, mpakani na Tanzania, chini ya mlima Kilimanjaro, ndiko uliko mji wa Taveta. Na kaskazini ya mji huo, mwendo wa kilomita 8 hivi, kuna shimo kubwa la volkano lenye ziwa ndani yake. Jina lake ni Chala.

Uzuri wa Chala hauna mfano, lakini si uzuri peke yake ulionifanya nikuandikie. Vijana wetu wa mijini siku hizi wanapenda michezo ya mwili iliyo migumu. Wako wanaojifunza sarakasi shuleni na mitaani. Wako wanaokwea miamba kwa kamba. Wako hata wanaojifunza dansi ya kukwea na kuning'inia kwenye nguzo ya chuma katika majumba ya mazoezi. Wengi huanza kwa shauku na kuishia kwa fundi wa mifupa, mkono umefungwa shingoni. Chala ni mahali pa kujifunzia, kwa siku moja tu, namna ya kufanya mwendo mgumu bila kuumia. Maana ziwa hili halifikiwi ila kwa kushuka.

Njia ya kufika

Kutoka Voi mpaka Taveta ni kilomita 110 hivi, na barabara ni ya lami. Utapita Mwatate, kisha Bura chini ya vilima vya Taita, halafu Maktau, ambapo barabara inaingia katika mbuga ya Tsavo Magharibi. Hapo punguza mwendo, kwani pundamilia na ndovu hawajui taa za barabarani. Reli ya Voi inafuatana nawe. Ilijengwa na jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ili kupeleka askari na silaha Taveta, mji ambao Wajerumani waliuteka Agosti 1914.

Kabla hujafika mjini utakiona kilima kidogo kimesimama peke yake kwenye tambarare. Hicho ndicho Salaita. Usikidharau kwa udogo wake. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini waliokuwa upande wa Waingereza walikishambulia. Mizinga ikapigwa kileleni kwa nguvu zote. Kumbe mahandaki ya Wajerumani na askari wao Waafrika yalikuwa chini, kwenye miguu ya kilima. Washambuliaji walirudishwa nyuma kwa hasara kubwa. Weka kisa hicho akilini, msomaji, maana tutakirudia: hawakushindwa kwa uchache wa nguvu, bali kwa kutoitazama njia.

Ukifika Taveta siku ya Jumatano au Jumamosi utakuta soko limefurika. Ndizi zimelundikwa kama kuni, nyanya na vitunguu vimejaa kila pembe, na mitumba inaitwa kwa sauti. Wanunuzi wanatoka Mombasa na Nairobi, na jirani zetu wanavuka kutoka Holili upande wa Tanzania. Nunua ndizi na maji ya kutosha hapa. Huko Chala hutakuta duka ukingoni mwa shimo.

Ziwa ndani ya kikombe

Njia ya kwenda Chala inapanda polepole katika nyika kavu. Hakuna dalili ya maji popote. Kisha, ghafla, ardhi inakwisha mbele ya miguu yako, na chini kabisa unaona maji ya rangi ya samawati, pengine ya kijani, kulingana na jua. Mpaka wa Kenya na Tanzania umekatiza katikati ya ziwa. Kukiwa hakuna mawingu, Kilimanjaro inaonekana ng'ambo, na kilele cha Mawenzi chenye meno meno kiko mbele ya kile cha Kibo.

Ukubwa wa ziwa ni kama kilomita za mraba 4.2, na kina chake kinapita mita 90. Hakuna mto mkubwa unaoingia wala unaotoka. Maji mengi ni ya mvua inayonyesha kwenye misitu ya Kilimanjaro, ikazama ardhini na kupenya mpaka humu, kisha hutoka tena kwa njia za chini kwa chini. Kutoka ukingo mpaka majini, kuta za shimo zina kimo cha mita 100 hivi, mahali pengine zaidi na pengine pungufu. Kwa msomaji wa Nairobi, hicho ni karibu kimo cha jumba la mikutano la KICC. Fikiria kushuka jumba hilo kwa njia ya mawe, mizizi na changarawe, pasipo ngazi.

Wazungu wa zamani walipaogopa. Joseph Thomson, msafiri Mskoti, alifika mwaka 1883, akazunguka ukingo wote, na akakiri kwamba hakuona mahali alipothubutu kushuka. Miaka minane baadaye, mwaka 1891, alikuja mwanamke wa Kimarekani, May French-Sheldon, aliyetoka Mombasa na wapagazi zaidi ya 100. Wapagazi walimwita Bibi Bwana. Mama huyo alishuka mpaka majini, chombo cha kuelea kikateremshwa, akalizunguka ziwa.

Lakini sikiliza yaliyompata baadaye. Aliposhuka kwenye ukuta wa Chala, ambako kila hatua ilikuwa ya hofu na hadhari, alitoka salama. Katika safari ya kurudi pwani, akiwa amebebwa juu ya machela kuvuka mto, alianguka na kuumia vibaya mgongo. Alifika pwani akiwa mahututi. Ajali haikumngoja mahali pagumu. Ilimngoja pale ambapo mwili ulikuwa umechoka na hadhari imepungua.

Kushuka ndiyo ngoma

Wahenga wetu walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Mkwezi wa mnazi kule pwani anaijua methali hii kwa magoti yake. Kijana anayejifunza ukwezi akipanda vidato vingi kwa ujana wake, bila kufikiri atashukaje, hujikuta amekumbatia mti huko juu, mikono inatetemeka, na hapo ndipo wengi huanguka. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye akili hupanda vidato vitatu, akashuka. Kesho vinne, akashuka. Kimo anakipata kwa kuzoea kushuka.

Wanasarakasi nao wana mtindo uo huo. Kenya ina sifa katika mchezo huu. Vikundi vyetu vimezunguka dunia, na Sarakasi Trust ya Nairobi imekuwa ikiwalea vijana tangu 2001. Kabla kijana hajasimama juu ya mabega ya mwenzake, hufundishwa kuruka chini na kutua kwa magoti yaliyokunjwa, na kubingirika akiangushwa. Kwenye nguzo ya chuma kadhalika: asigeuzwe kichwa chini mtu ambaye hajajua kujitoa katika mkao huo akiwa amechoka. Godoro liwe chini, mwenzake awe kando, na asijipake mafuta mwilini siku ya mazoezi, kwa sababu ngozi yenye mafuta haishiki chuma.

Sasa Chala imeigeuza methali juu chini. Hapa unaanza na ngoma yenyewe, ukiwa na nguvu, na kupanda kunakungoja mwisho, ukiwa umechoka. Ndiyo maana watu wengi hujidanganya. Kushuka hakumalizi pumzi, kwa hiyo mtu huona ni kazi rahisi. Kumbe misuli ya mapaja ndiyo inayofanya kazi ya breki. Inavutwa huku inajikaza, na kazi ya namna hiyo huichosha na kuiumiza kuliko kupanda. Maumivu yenyewe huja kesho yake au kesho kutwa. Usishangae Jumatatu ukishindwa kuteremka ngazi za ofisi.

Mambo ya kushika

Kwanza, tafuta mwenyeji akuongoze. Wako wenyeji wanaoshuka huko kila mara, na wanajua jiwe lipi limekaa na lipi linacheza. Mpatane malipo kabla ya kuondoka, na umlipe kwa haki. Kisha fanya kile ambacho hakikufanywa Salaita: simama ukingoni na uitazame njia yote mpaka chini. Mwulize mwenyeji ni wapi pana utelezi, na ni wapi pa kupumzika.

Pili, pasha mwili moto. Umekaa ndani ya gari saa nyingi, viungo vimekauka. Tembea dakika 10 ukingoni, zungusha vifundo vya miguu, chuchumaa na kuinuka mara kadhaa. Mwanasarakasi haruki akitoka kitandani, na wewe usishuke ukitoka garini.

Tatu, angalia miguu na mikono. Vaa viatu vya kufunga kamba vyenye soli ya kushika, na ufunge kamba kwa nguvu ili vidole visigonge mbele wakati wa kushuka. Malapa na viatu vya kanisani viache garini. Kama umejipaka mafuta, futa viganja kwa kitambaa au vumbi kavu. Mizigo ikae mgongoni, mikono ibaki mitupu.

Nne, shuka kwa hatua fupi, magoti yamekunjwa kidogo, kwa mwendo wa kwenda upande upande wala si wima. Penye ukuta mkali, geuka ulitazame jiwe kama mtu anayeteremka ngazi. Viungo vitatu viwe vimeshika daima: miguu miwili na mkono mmoja, au mikono miwili na mguu mmoja. Usihamishe cha nne mpaka vile vitatu vimetulia. Usiutegemee mzizi ambao hujaujaribu.

Tano, achaneni nafasi, na msifuatane wima mmoja juu ya mwingine. Jiwe linaloteleza chini ya kiatu cha baba linaishia kichwani kwa mtoto. Likiporomoka, mpige kelele waliochini wasikie. Mtu mzima mmoja atangulie, mwingine awe wa mwisho, watoto katikati.

Sita, jijaribu kabla ya kujitia ndani. Shuka kama mita 10, kisha panda tena. Ukiona umepanda kwa kuvutwa mkono, siku hiyo ziwa lako ni la kutazama kutoka juu, na hakuna aibu. Wazee wenye magoti mabovu, akina mama waja wazito na watoto wadogo wabaki ukingoni. Mvua ikiwa imenyesha, kila mtu abaki ukingoni.

Ukifika majini

Hapo utasikia kimya ambacho mjini hakipo. Maji ni maangavu. Kuna samaki wa jamii ya perege ambaye asili yake ni ziwa hili pekee. Kaa kivulini, kula ndizi zako, kunywa maji.

Lakini usiogelee. Mwezi Machi 2002 msichana wa Kiingereza wa miaka 18 aliuawa na mamba alipokuwa akiogelea katika ziwa hili. Maji yanavutia, na baada ya jasho la kushuka hamu ni kubwa. Mzazi, hapo usimbembeleze mtoto. Mkatalie tu.

Pumzikeni vya kutosha kabla ya kupanda, na muanze mapema ili giza lisiwakute ukutani. Katika kupanda, anayechoka ndiye apange mwendo. Mita za mwisho, pale ambapo gari linaonekana na watoto wanataka kukimbia, ndipo pa kutahadhari zaidi. Mkumbuke Bibi Bwana na machela yake.

Ikitokea mtu amepinda kifundo, msimlazimishe kukikanyagia ili kuona kama kimepona. Mkae, kifundo kifungwe kwa kitambaa kipana bila kuzuia damu, kiinuliwe, kipoozwe kwa maji ya chupa. Mtu aliyeanguka na kulalamika shingo au mgongo asinyanyuliwe kiholela. Mmoja abaki naye, mwingine akaite msaada wa watu wa kumbeba akiwa amenyooshwa. Hospitali iko mjini Taveta. Na kule kukanda na kuvuta kifundo kilichovimba, ambako wengi wetu tumekuzoea, kuacheni mpaka daktari ahakikishe hakuna mfupa uliovunjika.

Mtoto atakayerudi kutoka Chala na miguu yake mizima atakuwa amejifunza jambo ambalo mwalimu wa sarakasi humchukua miezi kulieleza: kwamba mwendo mgumu haupimwi kwa urefu uliofika, bali kwa njia uliyojiwekea ya kurudi. Akianza tena kukuomba ruhusa ya kwenda kujifunza kukwea nguzo au kupinduka hewani, usimjibu upesi kwa ndiyo wala kwa hapana. Mwulize swali moja tu: "Utashukaje?" Akikujibu vizuri, mwache aende.