Jina Katika Ubeti wa Mwisho

Leo naomba radhi, kwani nitaanza mbali kidogo na ushairi, kisha nitarejea nyumbani kwa njia isiyonipendeza.

Mwezi uliopita, kwa jioni mbili mfululizo, sebule yangu iligeuka ukumbi wa sinema. Mkwe wangu alituletea, katika flashi, filamu ya makala inayosimulia maisha ya Walt Disney, Mmarekani aliyezaliwa Chicago mwaka 1901 na ambaye jina lake limekuwa kama jina la pili la katuni. Iliongozwa na Sarah Colt, ikarushwa na televisheni ya PBS ya Marekani usiku wa tarehe 14 na 15 Septemba, 2015. Ni ya saa nne hivi. Ilipoonyeshwa huko kwao, watazamaji waligawanyika: wapo waliolalamika kwamba imemwonea marehemu, na wapo waliosema imempamba mno. Nilidhani sisi, tulio mbali na ugomvi huo, tungetazama kwa utulivu. Nilijidanganya.

Tulikuwa watano. Mimi na mke wangu. Mjukuu wetu wa darasa la tano. Mwalimu mwenzangu mstaafu, aliyefundisha historia na kuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kwa miaka mingi. Na jirani yetu mchora mabango, ambaye nusu ya vibao vya maduka mtaani kwetu ni kazi ya mkono wake. Filamu ni ya Kiingereza, hivyo nikawa mkalimani pale palipohitajika, kazi inayomlazimu mtu kusikiliza mara mbili.

Jioni ya kwanza ilipita kwa furaha. Tulimwona kijana aliyefilisika Kansas City akienda California, akapata mafanikio kwa sungura aitwaye Oswald, kisha mwaka 1928 akanyang'anywa sungura huyo na msambazaji wake pamoja na wachoraji wake karibu wote. Aliyebaki naye ni rafiki yake wa ujanani, Ub Iwerks, na ndipo panya Mickey alipozaliwa. Novemba mwaka huohuo *Steamboat Willie* ikaonyeshwa New York, sauti na picha zikienda sambamba, na dunia ikageuka kutazama. Mjukuu wangu, aliyekuwa amelala kifudifudi sakafuni, akainua kichwa.

"Babu, sasa Mickey alichorwa na nani?"

"Na Iwerks," nikajibu.

"Basi mbona tunasema wa Disney?"

Mwalimu wa historia akacheka kicheko cha mtu aliyekuwa akilisubiri swali hilo. "Mjukuu wangu," akasema, "hapo umeuliza historia yote ya kazi duniani." Mchora mabango alimpinga papo hapo, jambo lililonishangaza, maana nilidhani angewatetea wachoraji wenzake. Alisema mkono unaojua kuchora ni wengi, na yeye ni mmojawapo. Lakini mtu wa kuiona kazi kabla haijakuwapo, akaisimamia hadi ikawapo, huyo hajawahi kukutana naye hata mmoja katika maisha yake, na angekutana naye angemfuata.

Nilikubaliana naye usiku ule, na bado nakubaliana naye kwa sehemu. Disney mwenyewe aliwahi kueleza kwamba alipoulizwa na mtoto kama bado anachora, alikiri kuwa hachori, akajifananisha na nyuki arukaye kutoka ua hadi ua akibeba chavua. Wakati wa kuandaa *Snow White*, aliwakusanya wachoraji wake jioni moja akawaigizia hadithi nzima peke yake, akiwa malkia, akiwa binti, akiwa kila kibeti kwa zamu, na wengi wao walisema kwamba filamu ile ya mwaka 1937 ilitoka katika jioni ile. Iwerks alipojitenga mwaka 1930 na kufungua studio yake, chura aliyembuni hakufika popote alipofika yule panya; mwaka 1940 akarudi kwa rafiki yake. Mwenye kusema Disney alikuwa mwizi tu wa vipaji vya watu ana deni la kutueleza jambo hilo.

Lakini jioni ya pili ikaja na mgomo.

Tarehe 29 Mei, 1941, mamia ya wafanyakazi wa studio walisimama langoni na mabango waliyoyachora vizuri kuliko mabango ya mgomo wowote niliowahi kuuona. Walidai haki ya chama na mishahara yenye mizani. Tena walikuwa na kinyongo cha majina yao. Filamu ya *Steamboat Willie* ilikuwa imelitaja jina la Iwerks mwanzoni mwake. Lakini katika filamu fupi nyingi za miaka ya 1930 jina lililong'aa lilikuwa moja tu. Hata saini ile mashuhuri mara nyingine haikutiwa na mwenyewe, bali na mchoraji aliyeidhinishwa kuiiga. Wanawake waliotia wino na rangi katika maelfu kwa maelfu ya karatasi za plastiki ndio waliokuwa mbali kabisa na sifa, na laiti filamu ingekaa nao zaidi. Art Babbitt, aliyemchora malkia mwovu wa *Snow White*, alifukuzwa kazi akawa miongoni mwa viongozi wa mgomo. Disney hakusamehe. Mwaka 1947 alisimama mbele ya kamati ya Bunge la Marekani akawataja baadhi ya watu wa mgomo ule kuwa wakomunisti.

Mwalimu wa historia alisimama kana kwamba yuko mkutanini. Mchora mabango alinyamaza. Filamu ilipofikia *Song of the South* ya mwaka 1946 na sura yake ya watu weusi wenye kutabasamu mashambani mwa mabwana, hakuna aliyehitaji tafsiri yangu. Mke wangu alikuwa hajasema neno kwa jioni zote mbili. Wageni walipoondoka, akikusanya vikombe, aliniuliza kwa upole, "Baba, yule msichana wa ngonjera yuko wapi siku hizi?"

Wasomaji wa hapa mnajua ngonjera ilivyostawi mashuleni baada ya kazi ya Mathias Mnyampala. Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu kijana, miaka michache tu tangu nitoke chuo cha ualimu, na shule yetu iliingia mashindano ya mkoa. Tulitunga majibizano ya Mvuvi na Mkulima, beti 15. Nilichagua bahari, nikaweka vina, nikasimamia mizani. Beti saba za Mkulima ziliandikwa na darasa zima kwa vurugu, nami nikazinyoosha. Beti saba za Mvuvi ziliandikwa na msichana mmoja wa kidato cha tatu, mtoto wa pwani, usiku mmoja, nami nilibadilisha ndani yake maneno yasiyozidi manne. Ubeti wa mwisho niliutunga mwenyewe, na kwa kufuata desturi ya malenga wetu nikalitia humo jina langu. Karatasi iliyopigwa taipureta ikasema: Mtunzi, Mwalimu Fulani.

Tulishinda. Mimi nilipewa redio. Yeye kalamu na madaftari mawili. Tulipokuwa nyuma ya lori tukirudi, akaniuliza kwa adabu zote, "Samahani mwalimu, hivi jina katika ubeti wa mwisho huwekwa na nani?"

Nikamjibu kama kitabu cha kanuni: "Huwekwa na mtunzi."

Akasema, "Asante, mwalimu," na hatukulizungumza tena. Alimaliza kidato cha nne akaondoka. Sijamwona tangu wakati ule. Kwa miaka mingi nilijiambia yaleyale aliyoyasema jirani yangu: bila mimi, ngonjera ile isingekuwapo. Ni kweli. Sikudanganya mahali popote, nikihesabu sentensi mojamoja.

Usiku ule wa pili niliitafuta karatasi ile kwenye sanduku la vyeti, nikaisoma kwa taa ya simu ili nisimwamshe mtu. Nilitaraji kwamba baada ya miaka yote hii nisingeweza kutenganisha la kwake na la kwangu. Kumbe ni rahisi mno. Mvuvi anasema joshi na demani; anasema kusi na matlai; anatofautisha foromali na mlingoti. Mimi ni mtu wa bara, mzaliwa wa Singida, na bahari niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 22. Nakumbuka barabara kwamba nilimwita ofisini nimuulize maana ya joshi, akaweka daftari mezani akalifanya chombo, akanionyesha kwa kiganja upepo unatokea upande upi. Maneno yake yalikuwa yametia saini kila ubeti, nami mwalimu wa fasihi nilipita juu yake nikitafuta mahali pa kuweka jina.

Asubuhi mjukuu wangu alinikuta mezani na penseli. Nimeweka alama pembeni mwa beti saba na kuandika jina la msichana yule kamili, la kwake na la baba yake, kama lilivyokuwa katika daftari la mahudhurio. Mwalimu wa historia ameahidi kuulizia kwa watu wa pwani anaowafahamu. Ubeti wa mwisho bado sijaugusa. Nikiondoa jina langu, mizani inapungua silabi tatu, na kila neno ninalojaribu kulijazia linakataa kina.