Kilo Moja Zaidi

Mathe hushangilia mizani ya kliniki. Mimi hupiga hesabu.

Mdogo wangu alizaliwa na mwili usiotengeneza kingamwili za kutosha. Kila baada ya wiki 4 anawekewa dripu ya kingamwili kutoka kwa damu ya maelfu ya watu wasiomjua. Daktari alimwandikia nusu gramu kwa kila kilo ya uzito. Akiwa na kilo 20, tulinunua gramu 10. Leo amefika 24. Gramu 12.

Karo yangu ya chuo iliishia kwa hiyo dripu. Kuna mwezi pesa ilikatika, tukapunguza dozi. Akarudi wodini na nimonia.

“Brathe, nimeongeza?”

“Umeongeza. Na bado.”

Usiku nikaomba kazi mbili zaidi za kuandika.