Niliwaficha Neptuni

Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi wangu kisa nilichojua kina nusu ya pili, na nusu hiyo nikaifungia kabatini. Naungama, wala simsingizii mtu.

Vera Rubin na Kent Ford walipopima galaksi ya Andromeda, matokeo waliyoyachapisha mwaka 1970, nyota za pembezoni zilionekana kuzunguka kwa kasi isiyolingana na maada inayoonekana. Wengi wakahitimisha kwamba ipo maada isiyoonekana, maada ya giza. Mwaka 1983 Mordehai Milgrom wa Israeli akapinga: pale uvutano unapokuwa dhaifu mno, kanuni ya Newton yenyewe ndiyo inayobadilika. Nilimpenda. Fomula yake fupi ilieleza mizunguko ya galaksi nyingi, nami hupendelea mtu mmoja anayebishana na wengi.

Darasani nilimtetea kwa kisa cha Mfaransa Urbain Le Verrier. Mwaka 1859 alitangaza kwamba mwendo wa Utaridi una kasoro, akadai kuna kitu kisichojulikana karibu na Jua. Sayari hiyo iliyodhaniwa ikaitwa Vulcan, ikasakwa, isipatikane. Mwaka 1915 Einstein akaonyesha kwamba kilichohitaji kurekebishwa ni kanuni ya uvutano. “Mnaona?” niliwaambia. “Maada ya giza ndiyo Vulcan ya leo.”

Sikuwaambia kwamba mwaka 1846 Le Verrier huyohuyo, kwa kukokotoa kasoro za mwendo wa Uranus, alielekeza mahali pa kutafuta sayari nyingine. Johann Galle wa Berlin akaikuta usiku uleule alioanza kuitafuta: Neptuni. Hoja ileile, mara moja ikafaulu, mara moja ikafeli. Kisa kizima hakimpi ushindi yeyote. Kinamtuma mtu akapime.

Na vipimo vilikuwepo. Mwaka 2006 watafiti walichapisha uchunguzi wa Bullet Cluster, makundi mawili ya galaksi yaliyogongana. Gesi ya moto, yenye maada nyingi kuliko nyota, ilikwama katikati, lakini mwanga wa nyuma yake, unaopindwa na uvutano, ulipindwa zaidi kule galaksi zilikokwenda. Fomula ya Milgrom pekee haitoshi hapo. Niliusoma utafiti huo, nikaupita kama mdaiwa apitavyo mlangoni pa mdai wake.

Sisemi Milgrom ameshindwa. Chembe ya maada ya giza bado haijathibitishwa maabara. Kosa langu lilikuwa kuchagua ushahidi unaonipendeza, kisha nikauita sayansi. Baadhi ya wanafunzi wale leo ni walimu. Kisa cha Vulcan wanakisimulia vizuri kuliko mimi. Neptuni hawaigusi.