Jumapili Napanda Soni

Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilomita 33. Njia yote ni ya kupanda mlima. Karibu na nusu ya njia hiyo kuna mji mdogo wa Soni. Hapo Soni yuko mama lishe mmoja ambaye chakula chake nakipenda. Mara moja kwa mwezi, siku ya Jumapili, nawasha pikipiki yangu na kwenda kula kwake. Naenda peke yangu. Sina mzigo wa kupeleka, wala sina mgonjwa wa kumjulia hali.

Watu wa kijijini walilisema sana jambo hili. Mimi ni mkulima wa mpunga huku bondeni, Mombo. Jirani mmoja aliniuliza, "Mama, wali unao ndani. Unafuata nini mlimani?" Nilimjibu kwamba kule siendi kula wali.

Shemeji yangu yeye hakuuliza. Alisema mjane hafai kuzurura na pikipiki. Tena alisema pikipiki ni mali ya marehemu ndugu yake, kwa hiyo irudi kwenye ukoo. Kikao kikaitwa. Wazee wakakaa chini ya mwembe. Mimi nilikwenda na kadi ya pikipiki. Tuliinunua mume wangu akiwa hai, kwa fedha za mpunga wangu, na kadi iliandikwa jina langu. Niliisoma kwa sauti mbele yao: jina, namba, rangi. Mzee mmoja akaichukua, akaisoma mwenyewe polepole, kisha akairudisha mkononi mwangu. Kikao kikaisha.

Ndugu msomaji, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kwamba mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuwa nayo na kuiuza. Kama una kitu chenye jina lako, itunze karatasi yake. Mimi yangu nimeifunga ndani ya mfuko wa nailoni, panya wasiione.

Sasa nieleze safari yenyewe. Natoka saa tatu asubuhi. Wakati huo jua la Mombo limekwisha kuwa kali. Navaa kofia ngumu na kufunga kamba yake. Navaa na jaketi, ingawa jasho linanitoka. Watoto hucheka wakiliona jaketi. Lakini Mombo iko chini, kama mita 400 juu ya bahari, na Lushoto iko karibu mita 1,400. Ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6. Nikifika Soni hakuna anayecheka.

Barabara ni ya lami, lakini ni nyembamba na ina kona nyingi. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni korongo. Kabla ya kila kona nisiyoona mbele napiga honi na kubaki kushoto kwangu. Malori yanashuka na kabichi, karoti na viazi kwenda sokoni. Lori likiwa kwenye kona kali linahitaji barabara yote. Mimi husimama pembeni likapita. Sina haraka, Jumapili ni ndefu.

Kuna mahali pana nafasi ya kuegesha. Hapo nageuka kutazama nilikotoka. Chini naona mashamba ya mkonge yaliyopandwa kwa mistari, na barabara kuu ya kwenda Moshi kama kamba iliyotupwa. Naona pia kijani cha mpunga. Kila mara nalitafuta shamba langu. Sijawahi kulitambua, maana kwa mbali yote yanafanana.

Ukizidi kupanda, migomba inaanza, na mahindi na maharage yaliyolimwa ubavuni mwa mlima. Halafu yanakuja maporomoko ya maji ya Soni. Yako karibu kabisa na barabara. Hapo nazima injini na kukaa kimya. Wiki nzima pikipiki hii hubeba magunia, madumu ya maji na watoto. Na mimi hubeba vilevile. Hapa maji yanalia kwa nguvu, hata mtu akiniita sitamsikia.

Kwa mama lishe kuna mabenchi mawili na meza moja. Nakula bada, yaani ugali wa muhogo, kwa mnavu na maharage. Mnavu wake una uchungu kidogo, kama wa mama yangu mzazi. Nakunywa na chai ya tangawizi. Siku ya kwanza madereva wa malori walinyamaza nilipoingia. Mama lishe akaniuliza, "Nikuletee sasa, au unamsubiri mwenye pikipiki?" Nikamwambia, "Mwenye pikipiki ndiye mimi." Akacheka, akanipa mnavu wa pili bila kutoza. Tangu siku hiyo hunishikia nafasi karibu na mafiga.

Kwenda na kurudi hazifiki kilomita 40. Petroli ni kama lita 1. Kurudi ndiko kunakotaka akili. Usizime injini ili kuokoa mafuta. Shuka kwa gia ndogo, injini ikuzuie. Ukikanyaga breki muda wote hupata moto na kupoteza nguvu, nawe uko juu ya korongo. Ukungu au mvua ikishuka, mimi hungoja kwa mama lishe hata saa mbili. Bado sijachoka kungoja pale.

Shemeji bado hapendi. Nikipita mbele ya nyumba yake hugeuza uso, na mimi humwamkia hivyo hivyo. Binti yangu wa darasa la saba anataka twende wote. Nimemwambia nitampeleka Soni Jumamosi yoyote anayotaka, lakini Jumapili ile ni yangu. Hakulipenda jibu hilo. Hata hivyo asubuhi hunisaidia kuifuta vumbi.