Sahihi ya Kibaki
Mjomba alisema Kibaki hakutuachia kitu ila lami. Nikawaka. Nikamtajia Katiba ya 2010, sheria ya CDF ya 2003, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006.

"Hiyo ya 2006 ni ya Njoki Ndung'u," akanikata, "na CDF ni ya Muriuki Karue. Mzee wako alisaini tu."

Kweli tupu. "Lakini mjomba, kusaini nako ni kazi. Si angekataa?"

Akacheka kidogo. Yeye ni wa Chungwa tangu 2005. Januari 2008 duka lake Nakuru lilichomwa. Baba yangu ni mtu wa Nyeri, unaelewa.

Karo yangu ya sekondari ililipwa na basari ya CDF. Fomu alinijazia mjomba.