Nilimdhulumu Mwepu Ilunga

Mwaka 2017 niliandika makala ya soka iliyomdhalilisha mtu ambaye hakuwa na kosa nililomtwisha, tena marehemu. Leo nataka kueleza makala hiyo ilisema nini, niliiandikaje, na kwa nini nasema ilikuwa dhuluma.

Mwaka huo FIFA ilipitisha kwamba kuanzia 2026 Kombe la Dunia litakuwa na timu 48 badala ya 32, na Afrika ikaongezewa nafasi kutoka 5 hadi 9. Mjadala ukachacha kila mahali, vijiweni na studio za redio. Wapo waliosema haki imetendeka, wapo waliosema mashindano yatashuka hadhi. Mimi niliungana na hao wa pili. Kwa msimamo huo siombi radhi, maana kila mtu ana haki ya kuwa na wake. Kosa langu ni kile nilichokiita ushahidi.

Nilichukua kipande cha video ambacho wapenzi wengi wa soka wamekiona. Ni Juni 22, 1974, mjini Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi, kwenye Kombe la Dunia, Zaire, yaani Kongo ya Kinshasa ya leo, inacheza na Brazil. Brazil wamepata faulo karibu na eneo la hatari, ukuta wa Zaire umejipanga. Refa anapuliza kipyenga. Kabla Mbrazil hajaugusa mpira, beki Mwepu Ilunga anachomoka ukutani mbio na kuubutua mbali. Refa anamwonyesha kadi ya njano.

Niliandika kwamba beki yule hakuzijua sheria, kwamba alidhani kipyenga kikilia yeyote anaweza kupiga. Kutoka kwake nikarukia bara zima: kama hivi ndivyo tulivyokwenda 1974, nafasi 9 za nini? Makala ilipendwa. Watu walicheka, wakaisambaza kwenye makundi ya WhatsApp, nami nikajiona mchambuzi.

Aliyenizindua ni msomaji mmoja, mzee kutoka Lubumbashi anayeishi hapa Dar es Salaam. Alipiga simu ofisini, akanisalimia kwa heshima, kisha akauliza: “Baba, ile mupira uliiangalia yote, ao kile kipande tu?” Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekiona kile kipande tu. Hakunigombeza. Alinisihi niende nikasome, kisha akaniaga.

Nikaanza kusoma. Nilianza na kitabu cha Ian Hawkey, Feet of the Chameleon, kilichotoka 2009, kisha African Soccerscapes cha Peter Alegi, cha 2010. Nakiri kwamba nilikuwa mwandishi wa michezo kwa miaka mingi bila kusoma hata kitabu kimoja cha historia ya soka la Afrika. Nilichokuwa nasoma ni matokeo, tetesi za usajili, na maoni ya watu wanaobishana kama mimi. Vitabu vile vikanipeleka kwenye mahojiano na taarifa nyingine, na kila nilipofungua ukurasa niliona hukumu yangu ikibomoka.

Zaire iliyokwenda Ujerumani ilikuwa bingwa wa Afrika. Machi 1974, mjini Cairo, ilitoka sare ya 2-2 na Zambia katika fainali, mechi ikarudiwa, Zaire ikashinda 2-0. Mshambuliaji wake, Ndaye Mulamba, alifunga mabao 9 katika mashindano yale, rekodi ambayo hadi leo haijavunjwa. Ilunga, beki wa TP Mazembe ya Lubumbashi, alikuwa mmoja wa mabingwa hao. Mtu hafiki huko bila kujua faulo inapigwaje.

Kwenye Kombe la Dunia lenyewe, walipofungwa 2-0 na Scotland, mchezo ambao walijitahidi sana, wachezaji walibaini kwamba fedha walizoahidiwa hawatalipwa. Wakatishia kugoma. Wakashawishiwa kuingia uwanjani dhidi ya Yugoslavia, wakafungwa 9-0. Kwa maelezo ya Ilunga mwenyewe, baada ya hapo Mobutu, rais wa Zaire, alituma walinzi wake hotelini na ujumbe mmoja: wakifungwa na Brazil mabao 4, asiwepo wa kurudi nyumbani. Brazil nao walikuwa wanahitaji ushindi wa mabao 3 ili waendelee mbele na Scotland watoke. Mechi iliisha 3-0. Lile tukio nililolichekea lilitokea dakika za mwishoni, katikati ya hesabu hizo.

Miaka mingi kabla sijaandika, Ilunga alikuwa ameshasema kwamba sheria alizijua vizuri na kwamba alifanya kusudi. Hakuona kwa nini aendelee kuumia uwanjani ilhali watakaofaidi fedha wamekaa jukwaani, na alitarajia refa amtoe. Wakati mwingine alitaja vitisho vile na hofu ya bao la nne. Vyovyote iwavyo, ujinga haumo katika maelezo yake. Sisemi alikuwa malaika. Katika mechi ya Yugoslavia Ndaye alitolewa kwa kadi nyekundu kwa kosa ambalo Ilunga ndiye aliyelifanya. Lakini hasira ya mtu aliyedhulumiwa ni jambo moja, na kutojua kazi yake ni jambo jingine. Mimi niliyachanganya kwa sababu kicheko kilikuwa rahisi kuliko kuuliza.

Hapo ndipo nilipoielewa kazi ya mwandishi mzuri wa soka. Anauliza wachezaji walilala wapi, nani aliwalipa na nani aliwatisha, kabla hajahukumu walichofanya na mpira. Hata mjadala wenyewe wa nafasi za Afrika ulibadilika machoni pangu. Kwa Kombe la Dunia la 1966, FIFA iliziweka Afrika, Asia na Oceania zigombee nafasi moja. Nchi za Afrika, Ghana ikiwa mstari wa mbele, zikasusia. Ndipo 1970 Afrika ikapata nafasi yake yenyewe, Morocco ikaenda Mexico. Kwa hiyo ile nafasi moja kati ya timu 16 ambayo Zaire iliishika 1974, baada ya kuzitoa Zambia na Morocco, ilikuwa imepiganiwa. Bado mtu anaweza kudai kwamba timu 48 ni nyingi mno, na ninao wasiwasi wangu kuhusu urefu wa mashindano na uchovu wa wachezaji. Ila hoja hiyo haihitaji kumfanya mtu mjinga ili isimame.

Nilimwomba mhariri nafasi ya kusahihisha. Nikapewa aya moja ukurasa wa ndani, nikaipokea nikanyamaza. Hilo ni kosa langu la pili. Makala ya kashfa ilijaza ukurasa mzima. Nilipaswa kudai ukurasa mzima wa kuifuta. Aya ile ilisomwa na wachache, na makala ya kwanza bado inazunguka hadi leo.

Siku hizi sitaji mechi kama ushahidi kabla sijaitazama tangu mwanzo hadi mwisho na kutafuta maneno ya waliocheza. Naandika makala chache kuliko zamani, na mara kadhaa nimeachana na hoja niliyoipenda kwa sababu mechi yenyewe iliikataa.

Ilunga alifariki Mei 2015, karibu miaka miwili kabla sijaandika. Hakuwa na nafasi ya kunijibu, nami siwezi kumwomba radhi. Naiomba radhi familia yake, nawaomba radhi Wakongo waliosoma maneno yale, nawe msomaji uliyecheka kwa kuniamini. Kama makala ile bado imo kwenye simu yako, ifute. Na ukiikuta mtu ameituma kundini, mtumie hii.